Kuacha Mpira si Kuacha Mwendo

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, baada ya matangazo, kijana wa usharika wetu alitoka mbele kutoa sadaka ya shukrani. Alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza. Mama yake alisimama kando yake, bado amevaa viatu vya kazini, kwa kuwa alikuja kanisani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Tuliimba, tukapiga vigelegele, tukaketi. Miaka mitano kabla, siku kijana huyu alipotia saini kuchezea timu ya futiboli ya chuo kikuu kimoja, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Siku ya shahada viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Ibada ilipokwisha, mzee mmoja tunayemheshimu sote alimshika mkono akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, Mungu alikupa kipaji, na sisi sote tulikiona. Mbona umekifukia?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Baba, nilikuwa nimebakiza masomo kumi na moja," alijibu. "Niliona kwamba nikiendelea kuhamahama, yatabaki kumi na moja siku zote."

Swali la mzee halikuwa lake peke yake. Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili huku Ohio tumekuwa nalo moyoni kila tulipomwona mtoto wetu akiacha jambo ambalo watu walimsifia. Je, mtu aliyepewa nguvu na mbio, akaamua kuziweka kando, amemkosea Mungu aliyempa? Tunataka kulijibu hapa mbele ya washarika wote, kwa sababu jibu lake linatugusa sisi kuliko linavyomgusa yule kijana.

Kwanza tueleze mambo yalivyo, kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao bado wako sekondari. Futiboli tunayoisema ni ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Katika nchi hii chuo kikuu humlipia mchezaji hodari ada, chumba na chakula, naye huichezea timu huku akisoma. Zamani mchezaji wa futiboli katika vyuo vikubwa akihama chuo, kwa kawaida alikaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza tena. Mwaka 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilifungua orodha ya kielektroniki ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikwa jina, na makocha wengine wakaweza kumwita. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 wakaruhusiwa kuhama mara zaidi, mradi wawe wanatimiza masharti ya masomo. Tangu Julai 2021 wanaweza pia kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa.

Hatusemi kwamba malipo hayo ni dhambi. Kwa miaka mingi viwanja vilijaa na makocha wakatajirika, na vijana waliovunjika magoti hawakupata kitu. Mfanyakazi kupata ujira wake ni jambo ambalo Maandiko yanalitetea. Lakini kuna kitu ambacho hakihami pamoja na mchezaji. Shahada ya kwanza hapa kwa kawaida huhitaji krediti 120, na chuo kipya hakilazimiki kuzipokea zote ulizopata kule ulikotoka. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009, wa kila aina, si wanamichezo tu, walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Tena vyuo vingi humtaka mwanafunzi asome sehemu fulani ya shahada kwao, mara nyingi krediti 30 au zaidi, ndipo wampe cheti chao. Kwa hiyo kijana anaweza kuhama mara tatu, akasifiwa mara tatu, na kila mara akarudi nyuma darasani.

Na huko mbele wanakokimbilia kuna nafasi chache sana. NCAA yenyewe hukadiria kwamba katika kila wachezaji mia wa futiboli wanaofikia hatua ya kuchaguliwa na timu za kulipwa, wanaoingia hawafiki wawili. Hao wengine tisini na nane ni watoto wa watu, na baadhi yao ni wa kwetu.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Tunaujua mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Tumeuhubiri sana kwa vijana, na mara nyingi tumeuhubiri vibaya. Tumewafanya waamini kwamba talanta ni kile kitu ambacho watu wanakiona na kukishangilia. Lakini katika mfano ule mali ni ya bwana, na hesabu inatolewa kwa bwana peke yake. Majirani hawatajwi. Hakuna umati unaokuja kudai faida yake. Yule mtumwa wa tatu alifukia kwa sababu ya woga, akiamini kwamba bwana wake ni mtu mgumu asiye na huruma. Kosa lake lilianzia katika jinsi alivyomfikiria bwana wake.

Tukiupima uamuzi wa kijana kwa mfano huo, tunaona jambo ambalo hatukulitazamia. Ni yupi aliyekuwa na woga? Kuendelea kucheza kungekuwa rahisi zaidi kwake, kwa kuwa sifa zilikuwepo na fedha kidogo zilikuwepo. Mchezaji anayeacha kwa hiari yake anaweza kupoteza ufadhili, na ndivyo ilivyompata. Mwaka wa mwisho aliulipia kwa mkopo, kwa kazi ya kupakia mizigo usiku, na kwa mshahara wa mama yake. Mtu aliyefukia talanta hafanyi kazi usiku ili aizalishe. Mungu alikuwa amempa miguu, naam, lakini alimpa pia akili, na miaka, na mama. Alipoona kwamba kipaji kimoja kinavila vingine vyote, alichagua kuvitunza vile ambavyo atavihitaji akiwa na miaka hamsini.

Hata hivyo hatutaki kulijibu swali hili kirahisi. Mzee anaweza kutuambia, "Alitia saini. Wenzake walimtegemea. Je, kila anayechoka aondoke tu?" Hoja hiyo ina uzito. Sisi tunawafundisha watoto wetu kwamba neno la Mkristo ni neno, na hatuwezi kulegeza fundisho hilo kwa sababu tu tunampenda aliyeondoka. Ni kweli kwamba makocha nao huacha mikataba yao na kwenda kunakolipa zaidi, lakini udhaifu wa kocha haumpi mchezaji ruhusa ya kuwa mdhaifu. Tunachoamini ni hiki: ahadi ina mipaka yake, na namna ya kuondoka ni sehemu ya uaminifu. Kijana wetu alimaliza msimu. Alikwenda ofisini kwa kocha akamwambia ana kwa ana, hakutuma ujumbe wa simu. Aliwaaga wenzake chumbani mwao, na mpaka leo hatujamsikia akiwasema vibaya. Aliyetimiza hayo ameilipa ahadi ya mpira. Ahadi ya kumaliza masomo, ambayo alimpa mama yake, ilikuwa bado.

Maandiko yanatupa mtu wa kumtazama katika jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, Yohana Marko aliondoka na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza, lakini walipofika Pamfilia aliwaacha akarudi Yerusalemu. Sababu haikuandikwa. Safari ya pili ilipofika, Paulo alikataa kabisa kumchukua, kwa kuwa alimhesabu kuwa mtu aliyewatoroka. Barnaba akamtetea, na mabishano yakawa makali mpaka mitume hao wawili wakaachana njia. Barnaba akamchukua Marko. Miaka mingi baadaye Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa huduma. Kanisa tangu zamani limemhesabu Marko huyo kuwa mwandishi wa Injili. Kama Barnaba angenyamaza, nani angejua Marko angeishia wapi?

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Kijana huyu alipoacha futiboli alikaa miezi minane bila kutuambia. Likizo alikuja kanisani akakaa nyuma, na tulipomwuliza "Msimu unaendaje?" alijibu "Vizuri." Alisema uongo, na ametubu. Lakini ni nani aliyemfanya aogope kusema kweli? Sisi ndio tuliobandika picha yake kwenye ubao wa matangazo akiwa na kofia ngumu. Kila alipokuja tulimwuliza kama wameshinda, na hatukumbuki hata mmoja wetu aliyemwuliza anasoma nini. Alipoumia goti tukamwekea mikono, na katika maombi yetu tulimwomba Bwana amrudishe uwanjani. Hatukuomba apone tu. Tulimwombea kile tulichokitaka sisi. Mwaka ule alipokuwa akipakia mizigo usiku, tungeweza kuchanga tukamlipia sehemu ya ada. Hatukuchanga kwa sababu hatukujua, na hatukujua kwa sababu hatukuwa watu wa kuambiwa.

Basi tumekubaliana mambo machache, nasi tunayaandika ili tushikane mashati tukiyasahau. Mtoto wetu akiitwa na chuo kingine, mmoja wa wazee akae naye pamoja na mzazi kabla hajatia saini. Amwulize ni krediti ngapi zitapokelewa, na jibu lije kwa maandishi. Amwulize ufadhili utakuwaje akiumia au akiacha. Amwulize huko anakokwenda ataabudu wapi. Pia sehemu ya mfuko wa elimu wa usharika itunzwe kwa ajili ya muhula wa mwisho, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama, wakati watu wameshaacha kuwatazama. Na siku ya shukrani ya shahada, iwe ya mchezaji au ya yule ambaye hajawahi kushika mpira, tuujaze ukumbi kama tulivyoujaza siku ya saini.

Mzee wetu aliposikia habari ya masomo yale kumi na moja, alinyamaza kidogo. Kisha akamwuliza kijana, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, "Ulisomea nini, mwanangu?" Wakaenda pamoja mpaka kwenye magari, kijana akieleza na mzee akisikiliza. Bwana atujalie kuuliza mapema zaidi.