Haki ya Kukataa: Santuri za Jazi, Matoleo Mapya na Kauli ya Msanii

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, swali la matini sahihi ni la kale. Mhariri anayekabiliwa na miswada mitatu ya utenzi mmoja hulazimika kuamua ni upi autegemee, na uamuzi wake hautenganiki na imani yake kuhusu kazi ya sanaa ni kitu gani na ni mali ya nani. Swali hilohilo huzuka, kwa sura nyingine, katika uwanja wa santuri zinazotolewa upya. Kwa miongo mingi sasa kampuni za kurekodia za Marekani na Uingereza zimekuwa zikifungua maghala yao na kuuza si tu muziki uliowahi kutoka, bali pia ule uliokataliwa: majaribio yaliyoachwa, vipande vilivyokatizwa, hata mazungumzo ya wanamuziki studioni. Wakusanyaji huvinunua kwa hamu kubwa, nao mashabiki wa jazi na wa roki hubishana ni toleo lipi lililo la kweli.

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili lililo chini ya mabishano hayo: je, msikilizaji ana haki ya kukisikia kile ambacho msanii mwenyewe alikikataa? Inadaiwa hapa kwamba kukataa ni tendo la kisanaa sawa na kupiga ala, na kwamba toleo jipya hupata uhalali wake kwa kadiri linavyolihifadhi tendo hilo mbele ya msikilizaji badala ya kulifuta.

Yafaa kubainisha mapema kwamba neno "jazi" linatumika hapa kwa maana ya muziki uliochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi mjini New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Afrika Mashariki neno hilo lilichukuliwa na bendi za dansi kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wao wa magitaa ulifuata zaidi nyayo za rumba ya Kuba na ya Kongo. Hizo si mada ya makala haya.

Kazi ni ipi?

Ugumu wa kwanza unatokana na hali ya jazi yenyewe. Mwanajazi hutunga papo kwa papo. Wimbo mmoja ukipigwa mara nne katika studio, hazipatikani rasimu tatu na nakala moja safi, bali maonyesho manne. Kwa hiyo mlinganisho na rasimu za mwandishi wa riwaya una kasoro. Mlinganisho ulio karibu zaidi ni ule wa fasihi simulizi. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba katika sanaa ya aina hiyo hakuna matini asilia ambayo nyingine zote ni nakala zake. Kila uwasilishaji ni asili. Kwa mtazamo huo, mkusanyaji anayedai majaribio yote manne hadai takataka za karakana. Anadai maonyesho mengine ya fanani yuleyule.

Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau jambo moja. Fanani wa jadi alipotamba, maneno yake yalipita pamoja na hadhira yake, na maji yakimwagika hayazoleki. Kanda ilikuja kuyazoa. Tangu hapo mwanamuziki akawa na kazi mbili: kupiga, kisha kusikiliza alichokipiga na kuchagua. Uchaguzi huo haukuwepo, kwa namna hiyo, katika ngano wala katika malumbano ya washairi. Ni tendo jipya lililoletwa na mashine, na palipo na tendo jipya huzuka haki mpya. Anayetetea majaribio yote kwa jina la fasihi simulizi anaichukua nusu ya kwanza ya kazi ya mwanamuziki na kuitupa ya pili.

Kusahihisha na kufichua

Si kila toleo jipya linagusa haki hiyo. Mfano ulio wazi ni santuri ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyorekodiwa New York katika vipindi viwili, Machi na Aprili 1959. Katika kipindi cha kwanza mtambo uliorekodi kanda iliyotengenezewa santuri ulikuwa ukienda polepole kidogo. Kanda hiyo ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, vipande vitatu vya upande wa kwanza vikasikika vikiwa juu kidogo ya sauti vilivyopigwa. Kwa zaidi ya miaka 30 dunia iliisikia kazi hiyo hivyo, na mwanafunzi aliyetaka kupiga piano sambamba na santuri aligundua kwamba ala yake haikubaliani nayo. Kosa lilirekebishwa katika toleo la 1992, kutokana na kanda ya akiba iliyorekodiwa kwa kasi sahihi.

Wapo mashabiki waliosikitika, kwa kuwa masikio yao yalikuwa yameizoea sauti ile ya juu. Hata hivyo, hapa hapana mgogoro wa kimaadili. Davis hakuichagua kasi ile. Mashine ndiyo iliyokosea. Mazoea ya hadhira, hata yakiwa ya miongo mitatu, hayawezi kuligeuza kosa la mtambo kuwa kauli ya msanii.

Mfano wa pili una utata zaidi. Mnamo Julai 1956 okestra ya Duke Ellington ilitumbuiza katika tamasha la Newport, na mpiga saksafoni Paul Gonsalves akapiga duru 27 mfululizo zilizoiinua hadhira vitini. Santuri iliyotoka mwaka huohuo ilitangazwa kuwa ni ya onyesho hilo. Kumbe sehemu kubwa yake ilirekodiwa upya studioni siku chache baadaye, na makofi yakaongezwa. Gonsalves mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti cha redio ya Voice of America badala ya kile cha kampuni ya Columbia, hivyo duru zake zikasikika kwa mbali. Toleo la 1999 liliunganisha kanda ya redio na ile ya Columbia, na onyesho lenyewe likasikika.

Hapa toleo jipya linakwenda kinyume na uamuzi wa Ellington, kwani yeye ndiye aliyeridhia kazi irudiwe studioni. Lakini uamuzi huo ulikuwa na sehemu mbili. Kuurudia muziki ili uwe bora kulikuwa haki yake. Kuuita muziki huo onyesho la Newport, na kuutilia makofi, kulikuwa kumdanganya msikilizaji, na haki ya kukataa haibebi ndani yake haki ya kudanganya. Toleo la 1999 halikumdhulumu Ellington, hasa kwa kuwa linaziweka sehemu za studio pamoja na zile za jukwaani, kila moja kwa jina lake. Msikilizaji anausikia usiku ule, na anausikia pia uamuzi uliofanywa baada yake.

Jeraha la "Lover Man"

Mfano wa tatu ni mgumu kuliko yote. Tarehe 29 Julai 1946, katika studio moja ya Hollywood, Charlie Parker alirekodi wimbo "Lover Man" kwa ajili ya kampuni ndogo ya Dial. Alikuwa mgonjwa, amedhoofishwa na pombe na ukosefu wa dawa za kulevya alizozizoea, na hakuweza kusimama imara mbele ya kipaza sauti. Usiku huo alikamatwa baada ya moto kuzuka katika chumba chake cha hoteli, na hatimaye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo, alikokaa takriban miezi sita. Mwenye kampuni, Ross Russell, aliutoa wimbo huo. Parker alichukizwa mno.

Wapo wasikilizaji wanaouhesabu wimbo huo miongoni mwa kazi zenye kugusa moyo zaidi katika jazi nzima. Saksafoni inaingia ikiwa imechelewa, inatafuta njia, inakatika. Wanaoutetea husema kwamba ukweli wa mateso unasikika humo kuliko katika kazi yoyote iliyokamilika, na kwamba chuki ya Parker mwenyewe haina uzito, kwa kuwa msanii si hakimu wa mwisho wa kazi yake.

Hoja hii ya mwisho inafahamika vyema na wahakiki wa fasihi. Mwaka uleule wa 1946 Wimsatt na Beardsley walichapisha makala yao mashuhuri wakidai kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha kuihukumia kazi yake. Miongo miwili baadaye Roland Barthes akatangaza kifo cha mwandishi. Lakini ikumbukwe kwamba nadharia hizi zinahusu maana na thamani ya kazi ambayo tayari iko mbele ya wasomaji. Hazisemi lolote kuhusu nani alikuwa na haki ya kuifikisha huko. Inawezekana kabisa Parker alikosea kuhusu thamani ya "Lover Man", na bado awe na haki kuhusu kutolewa kwake. Mgonjwa anaweza kusema maneno mazuri katika homa. Uzuri wa maneno hayo haumpi aliye kando ya kitanda ruhusa ya kuyauza sokoni wakati mwenyewe angali hai na anaweza kuulizwa.

Huenda mtu akajibu kwa kumtaja Kafka, aliyemwagiza Max Brod aziteketeze hati zake. Brod alikaidi, na The Trial ikatoka 1925, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwandishi. Nani leo angetaka Brod angetii? Lakini Kafka alikuwa amefariki, na Brod alikuwa amemweleza mapema kwamba hangetii agizo kama hilo. Zaidi ya hayo, Brod mwenyewe aliueleza umma juu ya agizo hilo. Kila anayeisoma riwaya hiyo anaweza kujua kwamba anasoma kitu ambacho mwandishi alitaka kiteketezwe, na ujuzi huo umekuwa sehemu ya usomaji wenyewe. Brod alikaidi kauli ya rafiki yake lakini hakuificha.

Kauli ya nani?

Katika muziki wa roki swali huwa na sura nyingine, kwa sababu msanii ni kikundi. Mashabiki wa The Beatles wamebishana kwa miaka mingi kuhusu santuri Let It Be ya 1970. Kanda za mwaka uliotangulia alikabidhiwa Phil Spector, naye akautilia wimbo "The Long and Winding Road" fidla na kwaya. Paul McCartney, mtunzi wake, alikasirika, na malalamiko hayo yakawa miongoni mwa aliyoyapeleka mahakamani mjini London alipotaka ushirika wao uvunjwe. John Lennon kwa upande wake aliitetea kazi ya Spector. Toleo la 2003 liliyaondoa mapambo hayo. Anayeuliza lipi kati ya hayo mawili ndilo la The Beatles anauliza swali lisilo na jibu moja, kwa kuwa kauli zilikuwa mbili tangu mwanzo. Kilicho haki ni matoleo yote mawili yabaki sokoni.

Wimbo "Now and Then", uliotolewa Novemba 2023, unalifikisha swali mbali zaidi. Lennon aliurekodi nyumbani kwenye kanda duni mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla hajauawa mnamo Desemba 1980. Wenzake watatu walijaribu kuukamilisha mwaka 1995 wakauacha. Kwa maelezo ya McCartney, George Harrison hakuupenda. Mjane wa Harrison ameeleza kwamba kilichomzuia ni ubovu wa kanda. Harrison alifariki 2001. Programu za kompyuta zilipoweza kuitenga sauti ya Lennon na ile ya piano, wimbo ukakamilishwa, na gitaa la Harrison la 1995 likatiwa humo. Hivyo mtu aliyekuwa ameweka gitaa chini akaonekana kana kwamba hakuliweka. Maelezo yapi kati ya hayo mawili ni sahihi ni jambo linaloamua kila kitu, na mwenye kulitatua hayupo.

Mkusanyaji kama mdhamini

Ni wajibu gani basi unaomwangukia mkusanyaji? Dean Benedetti, mpiga saksafoni aliyemhusudu Parker, alimfuata katika kumbi mwaka 1947 na 1948 akiwa na mashine yake ya kurekodia. Aghalabu aliizima Parker alipomaliza kupiga na wenzake kushika zamu. Kampuni ya Mosaic iliutoa mkusanyo huo mwaka 1990. Ni hazina, lakini ni hazina inayomwonyesha mtu anayejibizana na wenzake kana kwamba anasema peke yake. Mapenzi ya mkusanyaji yanaweza kuikata kazi kama vile mkasi wa mfanyabiashara.

Majina nayo yana uzito. Mwaka 2018 kampuni ya Impulse! ilitoa muziki ambao John Coltrane aliurekodi tarehe 6 Machi 1963, kutokana na kanda zilizohifadhiwa na familia ya mkewe wa kwanza. Vipande viwili havikuwa na majina, na vikaachwa viitwe kwa namba za studio. Huo ulikuwa uaminifu. Lakini mkusanyo mzima uliuzwa kama "albamu iliyopotea", ilhali Coltrane aliishi miaka minne zaidi bila kuutoa. Neno "albamu" linamsingizia uamuzi ambao hapana ushahidi kwamba aliufanya.

Msomi wa Kiswahili hana sababu ya kuyatazama haya kama mambo ya ugenini. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, na yakahaririwa na William Hichens mwaka 1940. Hapana aliyeweza kumwuliza Muyaka ni majibizano yapi angependa yasahaulike. Kazi ilistahili kufanywa. Lakini kila mhariri anayerudi kwenye tungo hizo amepokea amana, hakupokea mali.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba toleo jipya laweza kusahihisha kosa la mashine, kufichua udanganyifu, au kumjeruhi msanii kwa mara ya pili, na kwamba mambo haya matatu hayapimwi kwa kipimo kimoja. "Lover Man" haiwezi tena kurudishwa ghalani, na hakuna anayelazimika kuziba masikio. Lakini anayeisikiliza anasikia pia hapana ya Charlie Parker, na toleo lolote lisiloiandika hapana hiyo kwenye jalada lake limemnyima msikilizaji sehemu ya kazi.