Kujua na Kuweza

Yako maswali ambayo mwalimu huulizwa akiwa amesimama darasani na chaki mkononi, na yako mengine anayoulizwa njiani, akirudi nyumbani jioni. Haya ya njiani ndiyo mazito. Moja niliulizwa na mama mmoja wa mtaa wetu hapa Likasi, wala hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa amewasikia wataalamu redioni wakieleza jinsi vumbi la madini linavyoingia katika miili ya watoto. Mume wake ni mchimbaji wa mikono, na mawe anayoyapata huwekwa ndani ya mifuko penye ukuta wa nyumba mpaka mnunuzi apatikane. Akaniambia: «Mwalimu, nimesikia yote, tena nimeamini. Lakini watoto wangu wanakula kwa mawe hayo hayo. Je, tangu siku ile niliyosikia, nimekuwa mwenye kosa?»

Siku ile sikumjibu. Najaribu kumjibu hapa.

Kwanza tujue kwamba aliyoyasikia si uvumi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walipima mikojo ya wakaaji wa kusini mwa Katanga, wakatangaza waliyoyaona mwaka wa 2009. Kati ya watu wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini, 53 katika kila 100 walikipita kile kipimo cha kobalti ambacho huhesabiwa kuwa mpaka kwa wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto walikuwa 87 katika kila 100. Mtoto ambaye hajashika sururu hata siku moja anaupita mpaka wa mfanyakazi! Wala hapa hapana fumbo. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, na mwili wake ni mdogo. Mwaka wa 2018 wataalamu hao hao walitangaza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na huko pia watoto ndio waliozidi. Sisi tunaokaa Shituru na Panda hatuna haja ya kufundishwa vumbi ni kitu gani. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia linakwenda wapi likiisha kuingia ndani yetu.

Wako wanaosema: ingekuwa heri kunyamaza, maana kumweleza maskini hatari asiyoweza kuikimbia ni kumnyang'anya usingizi tu. Maneno hayo yana sura ya huruma, lakini mimi siyakubali, na sababu yangu haiko mbali. Iko Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kwetu. Mwaka wa 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Bwana Edgar Sengier, alipeleka tani zaidi ya 1,000 za mawe ya uraniumu ya Shinkolobwe mpaka New York. Mwaka wa 1942 Wamarekani waliyanunua, wakaendelea kununua mengine. Sehemu kubwa ya uraniumu waliyoitumia katika kazi yao ya siri ilitoka katika shimo hilo, na tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima ukaangamizwa. Wazee waliochimba na kupakia mawe yale hawakuambiwa ni ya kazi gani. Wao waliachiwa usingizi wao, ndiyo, na mikono yao ikatumika bila wao kuulizwa neno. Kama huko ni kumhurumia maskini, basi sijui kumdharau ni kufanyaje.

Kwa hiyo wataalamu na waeleze. Lakini swali la yule mama lingali palepale, kwa kuwa yeye ameelezwa.

Tunawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba dhambi ya mauti haipatikani bila mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua vema, tena awe amekubali kwa hiari yake. Watoto huyataja upesi kama wanaohesabu vidole, nasi tunafurahi na kupita. Sasa tuyapime mambo hayo hapa. Jambo ni zito, hakuna ubishi. Kujua, mtaalamu amemletea mpaka mlangoni. Hiari je? Nani amempa hiari? Redio haikumletea nyumba nyingine, wala kazi nyingine ya mume. Basi elimu imempa mama huyu jambo la pili, na la tatu hanalo. Anayemhesabia kosa anahesabu vibaya.

Hapa ndipo ninapowalaumu kidogo baadhi ya waelezaji. Husema: «Epukeni vumbi», kana kwamba vumbi la Likasi ni mbwa mkali aliyelala njiani, ambaye mtu mwenye akili hupita kando. Neno kama hilo ni la kweli, lakini linautwika mzigo wote kichwa kisichostahili. Mwelezaji mwema angeyatenga mambo mawili. Yako yaliyo katika uwezo wa mama: kuilowesha sakafu kabla ya kufagia, kuwanawisha watoto kabla ya kula, kuosha mboga, kutokubali nguo za mgodini ziingie chumba cha kulala. Na yako yasiyo katika uwezo wake hata kidogo: mahali mawe yanapooshewa, umbali wa kiwanda na nyumba za watu, bei ambayo mnunuzi anampa mchimbaji. Hayo yana wenyewe, na wenyewe wamesoma taarifa zile zile, tena wana hiari. Kwao mambo yote matatu yametimia. Mtaalamu asiyetaja kundi hili la pili hajasema uongo, ila ameacha lawama ikae palipo karibu, juu ya mnyonge.

Nami nisijitoe. Mfukoni mwangu mna simu, na katika betri za simu nyingi mna kobalti. Sehemu iliyo kubwa ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa katika nchi yetu. Ninajua hayo, na hiari ninayo kidogo kuliko mkubwa wa kampuni na zaidi kuliko mama yule. Je, kosa nalo hupimwa kwa kilo, kila mtu apewe lake? Nimemwuliza padri wetu. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza muda mrefu.

Juma lililopita nilipita kwa yule mama nikamwambia: «Mama, huna kosa kwa kusikia. Lakini maji ya kulowesha sakafu, hayo ni yako.» Akanijibu kwamba ndoo ya maji nayo hununuliwa, ila atajaribu. Tulihamisha mifuko sisi wawili kutoka chini ya dirisha la watoto. Tuliiweka upande wa pili wa nyumba, kwenye ukuta unaopakana na jirani, na jirani naye ana watoto wanne.