Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Somo: Hesabu 27:1–11



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia, mkono wake umekatwa kwa panga na mtu wa nyumbani mwake. Aliomba fidia, akanyimwa. Alitaka nimsindikize kwenda kuuliza sababu. Nikamwambia, "Mama, mwachie Mungu." Akanyamaza, akajifunga khanga yake, akaenda zake. Nilidhani neno lile ni la imani. Leo nakiri lilikuwa la uvivu.

Tazameni mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na urithi wake ulikuwa karibu kupotea. Hawakukaa hemani wakinung'unika, wala hawakumtukana Musa. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza haja yao. Musa naye hakuwafukuza. Alilipeleka neno lao kwa Bwana. Bwana akawapa haki, na jibu lao likawa amri kwa Israeli wote.

Jambo la namna hii limetokea Uingereza siku zetu. Tangu mwaka 1964 serikali ya huko ina mpango wa kuwalipa fidia watu walioumizwa na wahalifu. Lakini ulikuwa na sharti: aliyedhuriwa na mtu wa jamaa yake, waliyekaa naye chini ya paa moja, hakulipwa. Sharti hilo lilibadilishwa mwaka 1979, lakini waliodhuriwa kabla ya 1 Oktoba mwaka ule wakaachwa nje. Mwanamke mmoja, aliyeharibiwa utotoni na baba yake wa kambo, alinyimwa kwa sababu hiyo, ingawa mahakama ilikwisha kumtia mtu yule hatiani. Hakukubali. Shauri lake likapanda ngazi kwa ngazi, na Julai 2018 Mahakama ya Rufani ikasema kumnyima ni ubaguzi usio halali. Juni 2019 sharti likafutwa, na waliokwisha kukataliwa wakaruhusiwa kuomba tena. Fikirini, ndugu: tangu lini mtoto akajichagulia paa la kulala?

Wengine watauliza, "Je, Mkristo hapaswi kusamehe?" Apaswa. Lakini kumsamehe aliyekuumiza ni jambo moja, na kunyamazia uamuzi usio sawa ni jambo jingine. Mtume Paulo aliwafundisha watu wasilipe ovu kwa ovu, na yeye huyo huyo alikata rufani kwa Kaisari. Mjane wa Luka 18 hakuchoka kumwendea kadhi, na Bwana wetu hakumlaumu. Alimfanya mfano wa kuomba bila kukata tamaa.

Wala fidia si bei ya damu. Hakuna fedha iwezayo kurudisha utoto au kuponya mkono. Fidia ni jamii kumwambia aliyeumizwa: tumeona ulivyotendewa, na hatukuachi peke yako.

Lakini rufani ina siku zake. Huko Uingereza aliyekataliwa hupewa siku 56 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na akikataliwa tena, siku 90 za kupeleka shauri lake mbele ya baraza la rufani. Kila nchi ina hesabu yake. Basi barua ya kukataliwa isifichwe chini ya godoro. Isomwe, sababu zake zijulikane, tarehe ya mwisho iulizwe siku ile ile. Karatasi za polisi na za hospitali zitunzwe pamoja.

Wazee wa kanisa, na ninyi akina mama wa Umoja, kazi hii ni yetu. Asiyejua kusoma asomewe. Anayeogopa ofisi asindikizwe. Hatuhitaji kuwa mawakili ili kuketi na mtu kwenye benchi akingoja kuitwa.

Nilipomfuata yule mama, siku za rufani zilikuwa zimepita. Alinikaribisha, akanimiminia chai kwa mkono wake mzima, akanisamehe. Chai ile ilikuwa nzito kuinywa. Sitaki mmoja wenu ainywe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasikia mabinti wa Selofehadi, uwape wanyonge ujasiri wa kusimama mlangoni, na utupe sisi miguu ya kwenda pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.