Sifuri Mbili

Nilipoanza kujifunza PLINK, programu ya kuchambua vinasaba vya watu wengi kwa pamoja, faili lililonikamata ni lile dogo, la .fam. Lina safu sita: ukoo, mtu, baba, mama, jinsia, sifa inayochunguzwa. Mzazi asiyejulikana huandikwa 0. Katika data yangu ya mazoezi kila mtu alikuwa na sifuri mbili.

Nyumbani Mombasa, bibi aliweka shajara ya ukoo kashani. Fulani bin Fulani bin Fulani, mpaka Shiraz, Uajemi. Mama hamna hata mmoja. Bibi mwenyewe, aliyeilinda na mchwa miaka yote, hamo.

Nikaja kwenye ADMIXTURE, programu nyingine, ya kukadiria asili za watu. Hii haianzi kazi mpaka uitajie K, yaani idadi ya asili unazotaka watu wagawiwe. Nikaipa 2, ikachora rangi mbili. Nikaipa 5, ikachora tano, bila kusita. Kuna kipimo cha makosa cha kukusaidia kuchagua K, lakini mtu aliyekuwa nusu kwa nusu jana, leo ana rangi nne, na damu yake haijabadilika hata tone. Basi asili yake ni ipi? Naona swali lina kasoro: asili tunaihesabu kuanzia pale tulipoamua kuhesabu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara. Uchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000: Uajemi zaidi kwa baba, Afrika kwa mama.

Ami akanipigia akishangilia. "Si nilikwambia? Washirazi!"

"Na kina mama je, ami?"

"Hao wanajulikana," akasema, akaaga.

Bibi alipozikwa, mwalimu wa kusoma talkini aliuliza jina la mama wa marehemu, maana kwetu maiti huitwa kwa mamake pale kaburini. Ami, aliyehifadhi mababu kumi na wanne, akanyamaza; nyanyake alimjua kwa "Bi Mkubwa" tu. Tukasimama juani, udongo mikononi, huku mtu akipiga simu nyumbani kuwauliza wanawake.