Rupia ya Mjerumani na Bei ya Haki

Tangu nianze kuandika kuhusu vitu vya kale, watu hunitumia picha za rupia ya Mjerumani, ile yenye Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya kijeshi yenye sanamu ya tai utosini. Swali huwa lilelile: hii ni milioni ngapi? Anayeuliza ameshaambiwa kwamba yupo tajiri, jina halitajwi, anayezisaka kwa udi na uvumba. Kwa tamaa hiyo wapo waliochimba usiku pembezoni mwa maboma ya zamani, na wapo waliotoa fedha za "kupimia" kwa watu ambao kesho yake simu zao hazikupatikana.

Jibu langu huwavunja moyo, lakini sina budi kulitoa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia hizo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1904 serikali ya koloni ikazitoa yenyewe. Zilikuwa fedha za kila siku, za mshahara, kodi na soko, kwa hiyo zilipigwa kwa wingi. Rupia 1 ya kawaida, iliyolika kwa kupita mikono mingi, huuzwa Ulaya kwa makumi machache ya yuro. Ipo sarafu ya Mjerumani inayofika maelfu ya yuro, nayo ni ya dhahabu, ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli wakati koloni limezingirwa na vita. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na upande mmoja ina tembo. Zilitoka 16,000 na ushee tu. Katika picha zote nilizotumiwa sijaiona hata moja ya kweli.

Bei kuwa ndogo hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba biashara hii, kwa namna inavyofanyika kwetu, inaishi kwa mmoja kujua na mwenzake kutojua. Leo tapeli anamuuzia kijana shaba iliyopakwa rangi kwa bei ya kiwanja. Kesho mnunuzi mjanja anamnyang'anya bibi kizee urithi wake kwa bei ya sukari. Mimi naona hayo ni maovu mamoja. Bei ya haki ni ile ambayo wote wawili wameifikia wakijua wanachouziana.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu alinijia na fundo la kanga. "Mwanangu," akaniambia, "yuko kijana ananipa elfu tano kwa kila moja. Niuze?" Alipolifungua, zilikuwamo rupia tatu na sarafu moja ya njano yenye taji na mwaka 1916. Mbili kati ya rupia zilikuwa na vipete vilivyochomelewa juu, maana mama mkwe wake alizivaa shingoni. Niliziweka moja moja kwenye mizani ndogo ya sonara. Rupia isiyolika ina gramu 11.66, na katika kila gramu mia zaidi ya tisini ni madini ya fedha. Hizi zilipungua kidogo tu kwa uzee. Kwa hiyo kabla hata ya kuzungumzia historia, kila moja ilibeba zaidi ya gramu 10 za fedha safi, na bei ya gramu moja ya fedha hutangazwa duniani kila siku. Elfu tano haikukaribia hata thamani ya kuyeyusha.

Nilimweleza yote, na yale yasiyopendeza pia. Vile vipete vilivyochomelewa hupunguza thamani mbele ya mkusanyaji, kwa hiyo zile mbili zingeuzwa kwa uzito wake. Ya tatu, iliyo nzima, ilistahili zaidi. Ile ya njano ilikuwa sarafu ya Mjerumani ya heller 20, iliyopigwa Tabora kwa shaba ya njano, nayo inapendwa na wakusanyaji ingawa si adimu. Bibi alikwenda dukani mjini akiwa na karatasi yenye uzito wa kila moja, akauza mbili, akabaki na mbili. Yule kijana wa elfu tano hakuvunja sheria yoyote. Lakini alijua, na alinyamaza kwa sababu alijua kwamba bibi hajui. Sioni kwa nini tumwite mjanja kwa hilo.

Basi anayetaka kununua aende wapi? Mimi napenda duka lenye mlango na mwenyewe anayejulikana, kuliko mtu anayekutana nawe stendi. Mji Mkongwe, Unguja, yapo maduka ya vitu vya kale ambayo huweka sarafu kwenye makopo, nyingi zikiwa pesa za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ni sarafu nzuri kwa anayeanza, kwa kuwa bei yake ni ya chini na hazina sababu kubwa ya kughushiwa. Mzee mmoja mwenye duka alinimiminia kopo zima juu ya kitambaa, akanipa lenzi, kisha akaisogeza mizani upande wangu bila kuombwa. "Ukimwona muuzaji anakukataza kupima," alisema, "mwage kwa salamu uende zako." Pesa hiyo ya Barghash ina maandishi ya Kiarabu upande mmoja, upande wa pili imechorwa mizani, sahani zake mbili zimelingana, na mwaka chini yake. Sultani aliwawekea wafanyabiashara wake mkononi alama ambayo kila aliyepita chuoni aliijua maana yake, kwa sababu Sura ya wanaopunja vipimo husomwa hata na watoto.

Mizani ndogo, sumaku na rula ya kupimia kipenyo vinatosha kukuokoa na hasara nyingi. Fedha halisi hainaswi na sumaku. Sarafu ya kughushi ya kumwagwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mstari mwembamba ukingoni, herufi zilizolegea na vitundu vidogo kama vya ngozi. Uzito ukipungua au ukizidi kwa gramu nzima wakati sarafu haijalika, iache.

Hata sarafu halali inaweza kuuzwa kwa uongo. Chukua reale ya Maria Theresa, ambayo pwani yetu na Oman ziliitumia kwa vizazi. Ina mwaka 1780, na muuzaji atakuapia kwamba ni ya mwaka huo. Malkia huyo wa Austria alikufa mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule, Vienna, na katika karne ya ishirini hata London, Roma na Bombay. Gramu zake 28 na fedha yake ni za kweli. Ni umri tu unaodanganya. Inunue kwa bei ya fedha iliyomo na kidogo juu, isipokuwa kama anayeuza anaweza kukuonyesha kwa alama zake kwamba ni ya toleo la zamani.

Hadithi nyingine ni ya Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti mwaka 1936 kabla ya kuvikwa taji. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo, zenye tundu katikati, zina jina lake. Muuzaji atakwambia, "Mfalme wa miezi michache, utaipata wapi tena?" Utaipata popote. Zilipigwa kwa mamilioni, na katika masanduku ya mabibi wa Kenya, Uganda na Tanganyika bado zimejaa. Nazipenda sana, ningependa kila mtoto wa shule aishike moja ajue kisa chake, lakini bei yake ni ya chupa ya soda. Ile shilingi yenye simba mbele ya milima, kinyume chake, watu huitupa kwenye droo. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake. Ni haki yako kulijua hilo unapouza na unaponunua.

Kwa wanaonunua mtandaoni, neno langu kubwa ni moja: angalia bei zilizouziwa, usiangalie bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuandika milioni hamsini chini ya picha ya rupia, na tangazo hilo likakaa miaka mitatu likiwadanganya wapita njia. Nyumba kubwa za mnada, kama Künker ya Osnabrück au Spink ya London, huweka wazi matokeo yao, na hapo ndipo utakapoona watu halisi walitoa nini. Ukinunua kwao, kumbuka kwamba juu ya bei iliyogongewa nyundo kuna ada ya mnada, mara nyingi karibu robo ya bei, kisha usafirishaji na ushuru. Ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba wana nafasi nzuri zaidi ya kwenda wenyewe na kushika. Kwa sarafu ya gharama kubwa, kama ile ya tembo wa Tabora, sinunui isiyokaguliwa na kufungwa kwenye kasha na kampuni za upimaji kama PCGS au NGC. Hata makasha yameghushiwa, kwa hiyo namba iliyo juu yake huhakikiwa kwenye kumbukumbu za kampuni yenyewe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kuna sarafu ambazo sitamwelekeza mtu pa kuzinunua. Ni zile za shaba za masultani wa Kilwa. Utaambiwa na vijana wa pwani kwamba mvua ikinyesha zinajitokeza mchangani, na ni kweli huonekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na sarafu hizi ni miongoni mwake. Kuviuza au kuvitoa nje kunahitaji kibali. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, imeweka mpaka kwenye mwaka 1895. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, ningekuomba uziache hapo zilipo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu huko Pemba, wataalamu wa akiolojia walikuta akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani hii ambao baadhi yao hatukuwajua kabisa. Tulijifunza kwa sababu zilikutwa pamoja, mahali pake, na kila kitu kilichokuwa karibu nazo kikaandikwa. Kama zingeokotwa moja moja na kuuzwa kwa watalii, leo tungekuwa na vipande 2,000 vya madini vilivyotawanyika duniani, na majina ya watawala wale yangebaki yamefukiwa. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa Zimbabwe Kuu inatueleza mengi kuhusu njia ya dhahabu, kwa sababu tunajua ilikotoka. Iliyo kwenye mfuko wa mtu asiyesema aliipata wapi haimwelezi yeyote kitu.

Nawaomba wenye sarafu za wazee majumbani msizisugue kwa majivu, limau wala dawa ya meno. Rangi ya uzee ndiyo mkusanyaji anayoilipia, na ikitoka hairudi. Zipigeni picha pande zote mbili, zipimeni uzito, andikeni zilikuwa za nani. Mkitaka kuuza, ulizeni maduka mawili au matatu kabla ya kukubali. Wanunuzi nao nawaomba wamwambie muuzaji wanachokijua kabla ya kutaja bei. Na aliyeokota ya Kilwa au ya Pemba aipeleke makumbusho au idara ya mambo ya kale iliyo karibu naye, aeleze aliiokota wapi.