Kifua ni Dawa

Mwaka 1978, hospitali moja ya wazazi mjini Bogotá, Colombia, ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua mama ndiye awe joto lenyewe. Mtoto alibakizwa na nepi na kofia tu, akalazwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa kilichombana vizuri.

Mwaka 2021, utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kuwa kuwakumbatia njiti hivyo mara tu wanapozaliwa, bila kungoja hali zao zitulie, kulipunguza vifo kwa takriban robo.

Shirika la Afya Duniani linashauri njiti akumbatiwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama mmoja ataziwezaje peke yake? Mkono mmoja haulei mwana. Baba, bibi, shangazi, vifua vyenu pia vina joto. Ndugu yako akijifungua njiti, usiishie kumpa pole. Nawa mikono, mpokee mtoto, mkumbatie, mama apate kula na kulala.