JE, UHAI WA SAMAKI MDOGO NI RAKHISI?

Tumeletewa suala na kijana wetu mmoja aliyepanga chumba Gitothua, katika mji wa Ruiru, ambaye asomea elimu ya viumbe katika chuo kimoja cha upande huo. Asema: "Twasomeshwa khabari za samaki wadogo wanaofugwa ili wafanyiwe majaribio. Hutiliwa dawa au sumu katika maji yao, au huambukizwa maradhi, kisha huuawa wakatazamwa ndani, ili ijulikane ni kitu gani kitamfaa mwanadamu. Mwakani nami nitatakiwa nifanye hivyo kwa mkono wangu. Mwenzangu wa chumbani aniambia ni dhulma. Mama aniambia samaki ni samaki. Je, niendelee na masomo haya au niyaache?"

Suala hili tulilisoma katika darasa yetu, na tukaona kuwa si la kijana huyu peke yake. Kila mwenye kumeza kidonge ana sehemu yake ndani yake. Kwa hiyo twalijibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Kwanza yatupasa tumjue huyo tunayemzungumza. Samaki aliyeenea zaidi katika kazi hiyo huitwa samaki pundamilia, kwa ile milia ya buluu iendayo ubavuni mwake hata mkiani. Asili yake ni mito na mashamba ya mpunga ya Bara Hindi, na Francis Hamilton alimwandika mwaka 1822 alipoeleza samaki wa mto Ganges. Urefu wake ni kama wa kidole cha mwisho. Kwa muda mrefu alikuwa pambo la watu wafugao samaki katika vioo, mpaka George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alipomfanya kuwa somo. Na makala yake ya mwaka 1981 ndiyo iliyowafungulia wengine njia. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja. Mtoto wake hukua nje ya tumbo la mama, na mwili wake mchanga ni mwangavu kama kioo, hata mtu aweza kuuona moyo ukipiga tangu siku ya pili pasina kumtia kisu. Na mwaka 2013, ilipotangazwa ramani ya jeni zake, ilionekana kwamba katika kila jeni 100 za mwanadamu, kadiri ya 70 zina wenzao katika samaki huyu.

Sasa na tuwaangalie wasemao, "Samaki ni samaki." Hawa hawakosi hoja. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa kitoweo cha baharini, na aliyevua dagaa hakuwahi kukaa akawahesabu. Ikiwa ni halali kumla, itakuwaje vibaya kumfanya dawa?

Jawabu yetu ni kwamba ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa. Dini yetu imetuhalalishia nyama, na dini hiyo hiyo ikatuamrisha tukinoe kisu, tumpumzishe mnyama tunayemchinja, na ikatukataza kumfunga kiumbe hai tukamfanya shabaha. Mtu atasema kwamba samaki hachinjwi. Ni kweli, lakini kutochinjwa si kutohisi. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walimchunguza trauti, samaki yule ambaye wakoloni walimleta katika mito ya Aberdare, wakakuta katika kichwa chake mishipa ya fahamu inayopokea vitu vyenye kuumiza, na wakamwona, alipotiwa asidi mdomoni, akiacha kula na kuusugua mdomo wake katika changarawe. Baada ya hayo ni shida kwa mtu mwadilifu kusema kwamba samaki ni kama jiwe.

Tena iko hoja nzito kuliko hiyo. Kwa nini mtaalamu amemchagua samaki huyu? Amemchagua kwa kuwa afanana nasi: moyo kwa moyo, damu kwa damu, jeni kwa jeni. Lau hakufanana nasi, kumwua kungekuwa kazi ya bure, kwani yaliyompata yasingetufundisha neno. Na madhali afanana nasi, hatuwezi tena kumwita kitu tu. Lile lile limpalo manufaa ndilo limpalo haki. Mtu hawezi kushika nusu ya neno hili akaiacha nusu ya pili. Hawezi kusema asubuhi, "Huyu ni kama sisi," ili apate elimu, na jioni akasema, "Huyu si kama sisi," ili apate usingizi.

Tuwageukie sasa wasemao, "Basi hii ni dhulma, na iachwe yote." Nao twawaheshimu, kwani huruma ni katika imani. Lakini twawauliza: mtoto wako akishikwa na homa usiku, utaikataa dawa kwa kuwa ilijaribiwa kwa mnyama kabla ya kumfikia mtoto? Hatumjui hata mmoja aliyefanya hivyo. Mwaka 2002 wataalamu walionyesha kwamba samaki pundamilia akikatwa sehemu ya moyo, moyo wake humea tena ukawa mzima, jambo ambalo moyo wa mtu mzima hauliwezi. Mwaka 2007 ilitambulikana, kwa kuwajaribu samaki hao, dawa iongezayo chembe zinazozaa damu, na baadaye ikajaribiwa kwa wagonjwa waliopandikizwa damu ya kitovu. Aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani ya damu hatayaita mambo haya mchezo. Lakini pia asisahau kwamba elimu ile ya moyo ilipatikana kwa kuikata mioyo ya samaki walio hai, ingawa walikuwa wameleweshwa kwa dawa. Faida na deni zilizaliwa siku moja.

Kwa hivyo sisi hatusemi kuwa kazi hii ni haramu yote, wala hatusemi kuwa ni halali yote. Twasema kuwa ni jambo la haja, na haja hupimwa kwa kadiri yake. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 kwamba mwenye kufanya majaribio ajiulize mambo matatu: je, iko njia nyingine isiyohitaji mnyama? Je, yaweza kufanywa kwa wanyama wachache zaidi? Je, maumivu yaweza kupunguzwa? Mafunzo hayo ni mema, na mtu aliyefundishwa kukinoa kisu hatayaona mageni. Lakini mbele yake twaongeza suala la nne, nalo ndilo la kwanza kwa daraja: kwa ajili ya nini?

Kwani samaki yule yule aliyetumiwa kutafutia dawa alitiwa jeni za viumbe wengine ili ang'ae rangi, na tangu mwishoni mwa mwaka 2003 akauzwa Marekani kuwa pambo la sebuleni. Mkono ni mmoja na samaki ni mmoja, lakini haja ya kwanza ni ya mgonjwa, na ya pili ni ya jicho tu. Asiyeweza kuzipambanua haja mbili hizi, hata akiwa na leseni zote za serikali, hajaanza kuijua kazi yake.

Wala msidhani kwamba khabari hizi ni za ng'ambo tu. Unguja ina kisamaki chake, ambacho wataalamu wakiita Nothobranchius guentheri, na asili yake ni kisiwa hicho. Hukaa katika vidimbwi vya mvua. Kiangazi kikija vidimbwi hukauka, wakubwa hufa, na mayai hulala topeni yakingoja mvua nyingine. Hata akifugwa vizuri, umri wake ni kama mwaka mmoja na kidogo. Kwa ajili ya ufupi huo wa umri, tangu miaka ya 1970 wataalamu wamemfuga mbali na kwao ili wajifunze khabari za uzee. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, huweza kuzeeka na kufa katika miezi michache, na ramani ya jeni zake ilitangazwa mwaka 2015.

Hapa suala letu la nne larudi kwa nguvu. Ikiwa twautazama uzee wa samaki huyo ili mzee wetu asipotewe na akili yake, asisahau jina la mwanawe, hiyo ni haja, na malipo yake twaweza kuyatetea. Lakini ikiwa tajiri atafuta mlango wa kuyakimbia mauti, basi maelfu ya viumbe yatakufa kwa ajili ya jambo lisilopatikana. Mauti hayakimbiwi, na kisamaki cha kidimbwini, akiacha mayai yake topeni, alijua hilo kabla yetu.

Sasa twamjibu kijana wetu wa Gitothua. Mwanetu, usiyaache masomo. Ukiondoka wewe ambaye mkono wako watetemeka, kazi haitasimama. Itabaki mikononi mwa wasiotetemeka, na hao ndio wa kuogopwa. Uliza kila mara kwa nini. Likiwa jaribio larudia tu jambo lililokwisha kujulikana, na picha au kitabu chaweza kulifundisha, mwombe mwalimu wako kwa adabu uletewe hicho. Ikibidi ufanye, jua kazi yako sawasawa, kwani mkono mjinga hutesa zaidi ya mkono mkali. Dawa ya kulewesha isikosekane. Waliokufa waandike kwa idadi yao, pamoja na wale ambao jaribio lao liliharibika, kwa sababu kilichofichwa kitalazimika kurudiwa na mwingine, na wengine watakufa tena kwa jambo lile lile. Na siku mkono wako utakapoacha kutetemeka kabisa, hapo ndipo utuandikie tena.

Na sisi tuliobaki tusijione tumetoka salama. Kuku aning'inizwaye miguu juu kwenye baiskeli kutoka soko hata soko hana mtaalamu wa kuandika maumivu yake, wala hana haja ya mgonjwa yeyote ya kumtetea. Kidimbwi tukifukiacho kwa kifusi ili tujenge chumba cha kupangisha hakiulizwi kina nini ndani yake. Kabla hatujamhukumu kijana kwa samaki wa kiooni, na tuanze na wale walioko mikononi mwetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.